Mfalme, Mvua na Matuta

Gari likiiacha Mombo, na reli na joto la bondeni vikibaki nyuma, barabara ya Lushoto huanza kujikunja. Inapita kando ya maporomoko ya Soni, inazidi kupanda, na kila kona inafungua mteremko mwingine uliolimwa hadi kileleni: migomba, mahindi, maharage chini ya mahindi, kahawa kivulini, kabichi palipo na maji. Baadhi ya mashamba yamesimama wima kiasi kwamba mlimaji anaweka mguu mmoja juu na mwingine chini ili asiteleze. Mgeni hujiuliza udongo unashikiliwa na nini. Serikali ya Mwingereza nayo ilijiuliza swali hilo baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ikaja na jibu lake: matuta. Kila mwenye shamba alazimishwe kujenga matuta, na asiyetaka apelekwe barazani akalipe faini.

Waliojenga matuta hayo walikuwa wanawake zaidi ya wanaume, maana shamba la chakula lilikuwa mikononi mwao. Hasira iliyotokana na kazi hiyo ilivuka ofisi ya mkuu wa wilaya pale Lushoto, ikaenda moja kwa moja kwa mfalme wa Wasambaa. Kwa nini kwa mfalme? Amri haikuwa yake, wala ramani hazikuwa zake. Ili kulijibu hilo, inabidi turudi nyuma zaidi ya miaka mia mbili, kwa mwindaji mmoja na nyama ya nguruwe.

Mwindaji huyo ni Mbega. Masimulizi yanasema alitoka Kilindi, katika nchi ya Nguu, akiwa amekimbia ndugu zake. Alizaliwa kigego, meno ya juu yakatangulia kuota, na ukoo uliona kwamba mtoto wa namna hiyo analeta mikosi. Basi akahama na mbwa wake, akaishi porini, akaingia milima ya Usambara akiwinda nguruwe mwitu waliokuwa wakimaliza mashamba ya watu. Nyama aligawa. Wenyeji wakampa vyakula vya shambani, naye akawapa nyama. Wakampa mke, wakamletea mashauri yao ayaamue. Mwishowe watu wa Vuga wakamfanya mtawala wao, na usiku alipoua simba akapata jina la Simba, ambalo warithi wake waliendelea kulibeba. Watoto wake ndio Wakilindi, ukoo uliotawala kutoka Vuga tangu karne ya kumi na nane.

Ni hadithi ya waliotawala, kwa hiyo imepakwa mafuta. Hata hivyo angalia inachokiri. Mgeni hakuja na jeshi, na wenyeji hawakutekwa. Palikuwa na patano: wewe utuondolee nguruwe, utulishe, utuamue, nasi tutakupa mazao ya nchi. Mwenye kupewa kiti kwa patano anaweza kuulizwa habari ya patano hilo. Wakilindi walisimulia hadithi hii kujitukuza, na papo hapo wakawaachia raia wao kipimo cha kuwahukumia.

Kipimo chenyewe kina jina kwa Kisambaa. Shi ni nchi, ardhi pamoja na watu, mvua na mavuno yake. Mtawala anaweza kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, au kubana shi, yaani kuiharibu. Mvua ikija kwa wakati wake, ndizi zikaiva, watoto wakazaliwa, nchi imepona na mfalme ni mfalme. Jua likikausha mahindi, swali la kwanza halikuwa juu ya mawingu: nani anagombana na nani? Iliaminika kwamba Wakilindi wana dawa za mvua, na kwamba mtu mwenye dawa ya kuleta ana dawa ya kuzuia. Mfalme mmoja mwenye nguvu kuliko wote, ambaye hakuna wa kumpinga, huitazama nchi kama mali yake na huilinda kama mtu anavyolinda zizi lake. Lakini wakitokea wawili waliolingana, kila mmoja ataiharibu mvua ya mwenzake. Hali hiyo Wasambaa waliiita nguvu kwa nguvu, na wananchi ndio hufa njaa katikati.

Mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman, aliyefanya utafiti Usambara tangu miaka ya 1960, alilijenga karibu jengo lake lote juu ya maneno haya, na nadhani alifanya vema. Bila maneno hayo, siasa za milima hii zinaonekana kama ugomvi wa ushirikina. Ukiyashika, unaona raia waliokuwa wakipima utawala kwa matokeo.

Aliyepimwa akafaulu ni Kimweri ye Nyumbai. Alitawala kwa miongo mingi mpaka alipofariki mwaka 1862. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika kwake Vuga mwaka 1848, akarudi mwaka 1852. Richard Burton na John Hanning Speke wakapanda mwaka 1857. Waliyemkuta ni mzee ambaye neno lake lilifika kutoka milimani hadi pwani, na ambaye wanawe walikuwa wamewekwa kutawala sehemu mbalimbali za nchi. Katika miji ya mwambao kama Tanga na Pangani mamlaka yake yaligusana na ya Sultani wa Zanzibar, na wakubwa wa huko walilazimika kuwatazama wote wawili. Seyyid Said alijengesha boma juu ya kilima cha Tongwe, si mbali na mto Pangani, ishara kwamba pwani ilikuwa inanyemelea bara. Kimweri hakulivunja. Yumkini hakuwa tena na uwezo wa kulivunja, kwa sababu Wazigua wa nyandani walikuwa wamepata bunduki kutoka pwani kabla ya watu wake wa mlimani.

Kosa la Kimweri, kama ni haki kuliita kosa, lilikuwa kuishi sana. Mrithi wake alikufa kabla yake. Kiti kikamwangukia mjukuu, Shekulwavu, kijana aliyetakiwa kuwaamuru baba zake wakubwa na wadogo, watoto wa Kimweri waliokuwa wametawala maeneo yao tangu yeye hajazaliwa. Katika mpango wa Wakilindi mfalme ni baba na machifu ni wanawe. Sasa mwana alikaa kwenye kiti cha baba, na baba zake wakatakiwa kumpigia magoti.

Mmoja wa baba zake hao hakuwa na nia ya kupiga magoti. Semboja aliishi Mazinde, chini ya milima, penye njia ya misafara iliyofuata bonde la Pangani kuelekea Kilimanjaro. Kule juu Vuga utajiri ulikuwa ng'ombe, ndizi na utii wa watu. Kule chini Mazinde utajiri ulikuwa pembe, nguo, baruti na watumwa. Semboja alivaa kipwani, alishirikiana na Waswahili, na bunduki zilipita mlangoni kwake kabla ya kufika popote pengine. Mwishoni mwa miaka ya 1860 aliishambulia Vuga. Shekulwavu akakimbilia upande wa mashariki, na hakurudi tena kwenye kiti chake, alifia huko. Semboja mwenyewe hakukaa Vuga. Alimweka mwanawe, mtoto bado, Kimweri Maguvu, akarudi Mazinde kwenye biashara. Nafikiri hakuna tendo linaloeleza zama hizo kuliko hilo: mshindi ametwaa kiti cha Simba, kisha akaona kwamba ukingo wa barabara una faida zaidi.

Nguvu kwa nguvu ikaishukia nchi. Mfalme wa zamani alikuwa mlafi, lakini ulafi wake ulikuwa na mpaka, kwani aliyemla leo ndiye aliyemtegemea kesho. Machifu wa vita hivi hawakujua kama kesho wangekuwapo. Basi wakauza watu. Kosa dogo lililokuwa likilipiwa mbuzi sasa lililipiwa mtoto. Mateka walishushwa Pangani, wengine wakavushwa kwenda kwenye mashamba ya karafuu ya visiwani. Raia akitazama alimwona yuleyule aliyepaswa kumlinda akimwongoza kwenye soko.

Wabondei ndio waliosema basi. Nchi yao, Bonde, iko mashariki, kati ya milima na bahari, na ilitawaliwa na Wakilindi kwa miaka mingi. Vita vya Semboja na Shekulwavu vilipowagawanya watawala, watu wa Bonde waliungana kwa kiapo, wakaanzisha vita vilivyojulikana kwa jina la Kiva. Ilianza kama ugomvi wa upande mmoja wa Wakilindi dhidi ya upande wa pili. Raia walikuwa na mahali pa kusimama humo bila kuitwa waasi. Haikuchukua muda ikawa vita dhidi ya Wakilindi wote, wa huku na wa kule. Machifu walifukuzwa na kuuawa, na waliokamatwa pamoja na jamaa zao waliuzwa utumwani, kupitia njia zilezile walizokuwa wakiwapitisha wengine. Siisimulii sehemu hiyo kwa furaha. Wanawake na watoto wa Kikilindi waliouzwa hawakuwa wameuza mtu. Lakini kisasi hicho kinaonyesha wazi shitaka lilikuwa nini.

Bonde halikurudi tena chini ya Vuga. Semboja na wanawe walijaribu mara nyingi kulirudisha kwa mashambulizi, wakaambulia mateka na ng'ombe, mamlaka hawakuyapata. Wabondei nao hawakumtawaza mfalme mwingine mahali pa yule waliyemtoa. Kama tunatafuta katika kona hii ya Afrika Mashariki watu waliokuwa na malalamiko dhidi ya mfalme wakayafikisha hadi kujitenga, hawa hapa, miaka tisini kabla ya bendera ya Tanganyika.

Habari hizi tunazo kwa Kiswahili, na kwa kalamu ya mtu aliyekuwa karibu nazo. Abdallah bin Hemedi lAjjemy, mwenyeji wa pwani aliyemtumikia Semboja, aliandika Habari za Wakilindi, mojawapo ya vitabu vya kwanza vikubwa vya historia kuandikwa kwa nathari ya Kiswahili. Kilichapwa vipande vipande na misheni ya Waanglikana ya Magila kati ya 1895 na 1907. Magila iko Bonde. Mmisionari Alington alipanda Vuga mwaka 1867 kumwomba mfalme mahali pa kukaa, akaelekezwa huko. Baada ya miaka michache mfalme hakuwa tena na amri juu ya ardhi aliyoitoa. Kwa hiyo tarehe ya ukoo wa kifalme ilipigwa chapa katika nchi ya watu walioufukuza ukoo huo. Ambaye hajakisoma kitabu hicho akitafute. Sarufi yake peke yake inatosha kumfurahisha mpenzi wa lugha.

Watu wengi, ukiwatajia raia waliompangia mfalme mashitaka yao, huwazia makoloni ya Uingereza kule Amerika. Mwaka 1776 waliandika hati, wakaorodhesha makosa ya Mfalme George III moja baada ya jingine, yanapata 27, kisha wakatangaza kwamba hawamtambui tena. Lipo jambo moja tunaloweza kujifunza kwao kwa ajili ya habari yetu. Sheria nyingi walizolalamikia zilitungwa na Bunge, ila hati ilimshitaki mfalme, kwa sababu ahadi ya utii walikuwa wameitoa kwake. Wabondei hawakuwa na hati. Walikuwa na kiapo. Wasambaa wa miaka ya 1950, tutawaona, walikuwa na mvua. Katika zote tatu aliyedaiwa ni yule ambaye patano lilikuwa naye.

Wajerumani tuwapitie upesi. Walikuta ufalme uliokwisha kuchoka, wakaumalizia. Mwaka 1895 Semboja alifariki, na mwaka huohuo wakamnyonga Mputa, aliyekuwa mtawala Vuga, kisha wakamweka Kinyashi, wa upande wa Shekulwavu, ambaye hakujisikia salama na baada ya miaka michache alikiacha kiti. Mwaka 1898 Vuga iliungua, na haikujengwa tena kama ilivyokuwa. Makao mapya ya serikali yalikuwa Lushoto, iliyobandikwa jina la Wilhelmstal, Bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaiser. Walowezi walichukua ardhi ya kahawa, misitu mikubwa ikawekewa mipaka, reli ya kutoka Tanga ikafika Mombo. Kuanzia mwaka 1907 wanaume wa wilaya hiyo walipewa kipande: kila miezi minne siku thelathini za kazi kwa Mzungu, la sivyo kazi za serikali. Mfalme wa mbali aliyeitwa Kaiser aliweza kuchukua siku za mtu bila kumtaka hata amwamini kuhusu mvua.

Waingereza, waliowafuata, waliona ujanja zaidi. Gavana Donald Cameron alipofika mwaka 1925 alikuja na sera ya kutawala kwa kupitia watawala wa kienyeji. Huko Usambara ufalme ukafufuliwa. Kinyashi, sasa mzee, alirudishwa kwenye kiti, na mwaka 1929 akakiacha mara ya pili. Akafuata Shebughe Magogo. Kwa macho yalikuwa mambo ya kale: Mkilindi ametawazwa, machifu wako chini yake, baraza linakaa. Lakini chungu kilikuwa na mpishi mwingine. Mfalme alilipwa mshahara. Kile ambacho raia walimletea kama haki yake, na ambacho yeye alitakiwa kuwafungulia wakati wa njaa, kiligeuka kodi iliyokwenda serikalini. Aliyekuwa na ghala akabaki na hati ya malipo.

Hapo ndipo penye fundo la habari nzima, kwa maoni yangu. Mfalme aliondolewa njia za kuiponya nchi, akaachiwa lawama ya kuiharibu.

Kisha likaja Mlalo. Ni bonde pana lenye watu wengi kaskazini mwa Lushoto, ambako wamisionari wa Kijerumani walikwisha kukaa tangu 1891. Mwaka 1946 serikali ilianzisha huko mpango wa kuokoa udongo, na kuanzia mwaka 1950 ukaenezwa Usambara yote. Mabwana shamba walikuwa na wasiwasi wa kweli. Mvua kubwa ilikuwa ikishusha udongo mitoni, na idadi ya watu ilikuwa inakua. Dawa waliyoitoa ilikuwa hii: miteremko mikali isilimwe kabisa, ng'ombe wapunguzwe, sehemu za malisho zifungwe, na mashamba mengine yote yatiwe matuta yanayokatiza mteremko ili kuzuia maji.

Fikiria unavyolipokea hilo ukiwa na jembe mkononi. Kutengeneza tuta kwenye kilima ni kazi ngumu ya siku nyingi, na inakuja msimu uleule ambao shamba linataka kupandwa. Mume wako huenda yuko kwenye mkonge bondeni, au yuko Tanga. Mkulima wa Kisambaa alikuwa na njia zake za kulinda udongo, kuchanganya mazao ya urefu mbalimbali ili majani yavunje nguvu ya mvua, na hizo hazikuhesabiwa. Aliyekatazwa kulima mteremko mkali mara nyingi alikuwa maskini, maana mwenye nafasi alikuwa na shamba pazuri zaidi, chini karibu na maji. Maskini huyo angeazima shamba kwa jirani, kama desturi ilivyokuwa. Lakini nani atamwazima mtu shamba akamwacha alijengee matuta, halafu kesho adai kwamba ni lake, jasho lake limo? Na wengi walihofu jambo kubwa zaidi, kwamba Mzungu anatengenezesha ardhi ili baadaye aichukue. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Walikuwa wameona walichokifanya Wajerumani, na ukitazama juu ya mashamba yao ilikuwapo misitu ya akiba na mashamba ya walowezi, ardhi ambayo hakuna bwana shamba aliyeitaja alipohesabu sababu za watu kubanana.

Anayekataa anapelekwa wapi? Barazani kwa chifu. Mkilindi ndiye aliyeketi kutoza faini. Serikali ilihitaji mtu wa kutia nguvu amri zake kijiji kwa kijiji, na ilikuwa na mfalme tayari, kwa hiyo ikamvika mfalme matuta. Jumbe alikagua, tarishi aliita, chifu alihukumu. Mwanamke aliyetozwa faini kwa tuta ambalo halikufika kina hakuwahi kumwona gavana. Aliyemwona ni mzao wa Mbega.

Sasa yale maneno ya zamani yakaamka. Serikali ilikuwa inasema, kwa lugha ya ofisi, kwamba inaiponya ardhi. Watu wakajibu kwa lugha yao kwamba hii ndiyo kubana shi. Mvua ilipochelewa, mtu hakuhitaji kufanya utafiti: mfalme anayekubali kuamriwa na mwingine si mwenye nguvu kuliko wote, na mtawala asiye na nguvu kuliko wote hawezi kuiponya nchi. Manung'uniko yalimwelemea Magogo mpaka mwaka 1947 akatoka, na mwanawe Mputa akatawazwa. Jina alilolichukua lilikuwa Kimweri. Lilichaguliwa kwa akili; lilikumbusha enzi ambazo mvua ilinyesha na neno la Vuga lilifika baharini.

Jina halikutosha. Kimweri Mputa Magogo alipewa mpango wa matuta ukiwa umepanuliwa maradufu, na akatakiwa kuupigia debe. Alikuwa katikati ya serikali iliyoweza kumwondoa kwa barua na raia walioweza kumwondoa kwa kumkatia imani. Mimi humhurumia. Angekaidi serikali, angetafutiwa Mkilindi mwingine, ukoo haukupungukiwa. Alitii, na kila alipotii sehemu moja zaidi ya ufalme ilikwisha.

Wakati huohuo wengine walikuwa wakipata ujasiri mahali pengine. Wameru waliofukuzwa na serikali kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951 walimtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata. Hawakushinda, ila Tanganyika nzima ikajua kwamba ipo njia ya kumshitaki Mwingereza, kwa kuwa nchi ilikuwa mikononi mwake kwa udhamini wa Umoja huo tu. Uluguru, mlima mwingine wenye matuta mengine, ulilipuka Julai 1955, na mtu mmoja akauawa kwa risasi. TANU ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu izaliwe Dar es Salaam, tarehe 7 Julai 1954.

Chama hicho kilipopanda Lushoto hakikuhitaji kuwafundisha watu kulalamika. Kilikuta makarani na walimu waliochoshwa na machifu wasiochaguliwa, wafanyabiashara waliochoshwa na vibali, na wakulima, wengi mno, waliochoshwa na matuta. Makundi haya hayakutaka kitu kimoja. Karani alitaka kura na baraza la kuchaguliwa. Mama wa Mlalo alitaka kuachwa alime. Siasa ya TANU milimani ilifanikiwa kwa sababu neno uhuru liliwatosha wote wawili, na kwa sababu mlango wa wote wawili ulikuwa umezibwa na mtu yuleyule, Kimweri.

Sidhani kwamba wanawake wa matuta wamepewa haki yao katika historia ya uhuru wetu. Tunakumbuka hotuba ya Nyerere New York mwezi wa Machi 1955, na tuna haki ya kuikumbuka. Lakini ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliozuru mwaka 1954 ulikuwa umekisia kwamba Tanganyika itajitawala baada ya miaka 20 hadi 25. Moja ya mambo yaliyoifupisha hesabu hiyo ni kwamba serikali iligundua haiwezi tena kutawala vijijini kwa kupitia machifu: amri ilitoka, na tuta halikujengwa. Wale waliofanya amri isitekelezwe hawakupanda jukwaani. Waliliacha jembe lipumzike, au wakajenga tuta moja la kuonyesha penye njia anayopita mkaguzi.

Mwaka 1957 serikali iliacha kulazimisha matuta Usambara. Mvua za msimu uliofuata zikayalainisha, watu wakapanda mahindi juu yake. Miaka minne baadaye, tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipata uhuru.

Hapa pana kijambo ambacho wengi wamekisahau. Siku hiyo hatukuwa jamhuri. Malkia Elizabeth II, ambaye George III wa Wamarekani alikuwa babu yake wa mbali, aliendelea kuwa mkuu wa dola ya Tanganyika kwa mwaka mzima, mpaka 9 Desemba 1962. Katika mwaka huo wa 1962 na Kimweri naye akapoteza kiti, serikali ya TANU ilipokuwa inauondoa uchifu kote nchini. Kwa hiyo Mbega na Windsor waliondoka Lushoto ndani ya mwaka mmoja. Ufalme wa Vuga, uliovumilia Semboja, Kiva, Kaiser na Cameron, ulimalizwa kwa sheria, na hakuna aliyeinua mkuki kuutetea.

Hata hivyo maneno hayakufutwa pamoja na kiti. Feierman aliwakuta wakulima, miaka mingi baada ya uhuru, bado wakibishana kuhusu mvua. Mwaka wa ukame wengine walisema nchi imebanwa kwa sababu Wakilindi wameondolewa na hakuna tena mwenye kuiponya. Wenzao waliwajibu kwamba hao hao Wakilindi ndio walioibana, na kwamba anayetaka warudi ameisahau faini ya matuta. Kipimo kilichotumika kwa Kimweri ye Nyumbai kilikuwa kinatumika kwa serikali ya wananchi: leteni mvua, leteni chakula, msituuze.

Swali la udongo nalo halikuisha. Mwaka 1981 ulianzishwa Lushoto mradi mwingine wa kuzuia mmomonyoko, SECAP, kwa msaada wa Ujerumani, wa kupanda miti na mistari ya majani ya malisho kukatiza mteremko. Ulidumu hadi mwaka 2000. Nayo Vuga, makao ya zamani ya Wakilindi, leo ni kata katika Halmashauri ya Bumbuli.